Injini ya Mtumba Kwenye Fremu Isiyo Yake: Majibu kwa Wasomaji

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru, Mumias na Busia, na zote zinahusu jambo moja: injini iliyotolewa kwenye pikipiki iliyoharibika na kupandishwa kwenye pikipiki ya toleo jingine. Kazi hii hufanywa kila siku kwenye vibanda vya mafundi wetu, na inaweza kufanywa vizuri. Msimamo wangu, ambao utajitokeza katika majibu yote, ni kwamba kinachopaswa kubadilishwa ni kile kinachoweza kufunguliwa kwa spana na kurudishwa: mabano, bushi, sproketi, waya, kabureta. Fremu na mwili wa injini haviguswi.

Swali

Ndugu Fundi, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Pikipiki yangu ya kubeba abiria ni ya Kichina, ya saizi ya 125, na injini yake ilichapwa 156FMI. Konrodi ilikatika ikatoboa mwili wa injini, na fundi akasema haitengenezeki tena. Pale Kibuye niliuziwa injini iliyotolewa kwenye pikipiki ya 150 iliyogongwa na lori. Hiyo imechapwa 162FMJ, na muuzaji alinihakikishia kwamba ni ukoo mmoja na yangu, kwa hiyo itaingia bila shida. Bolti moja ya nyuma iliingia kwa kulazimishwa, lakini za mbele zimepishana na matundu ya fremu kwa upana wa kidole. Nimeona pia kwamba hedi ya injini hii ina vifuniko viwili vidogo vya mviringo, kimoja mbele na kingine nyuma, ilhali yangu ilikuwa na kifuniko kimoja kikubwa juu. Fundi anataka kukata bomba la mbele la fremu na kulichomelea upya ili lifuate injini. Je, nimruhusu? Na kabureta yangu ya zamani itafaa?

Jibu

Usimruhusu, ndugu yangu. Bomba hilo la mbele hushuka kutoka kwenye shingo ya usukani, na ndilo linalopokea kishindo kila gurudumu la mbele linapoingia shimoni. Likikatwa na kuungwa kando ya barabara, mara nyingi ufa hauanzii kwenye kiungo chenyewe bali pembeni yake, mahali chuma kilipopata moto kikapoteza uimara wake. Ufa wa namna hiyo hujificha chini ya rangi mpaka siku umebeba abiria wawili.

Umefanya vyema kutaja vifuniko vile viwili, kwa sababu vinaeleza tatizo lote. Herufi na nambari zilizochapwa kwenye injini nyingi za Kichina zina maana iliyo wazi. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. 56 au 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, kwa kukadiria. F ni injini inayopozwa kwa hewa. M ni ya pikipiki. Na herufi ya mwisho ni ukubwa kwa sentimita za ujazo (cc), yaani I kwa 125, J kwa 150 na L kwa 200. Injini yako ya zamani ina silinda ya kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, hii uliyonunua ina kipenyo cha milimita 62 na mwendo uleule. Muuzaji aliposoma nambari hizo na kuona zinakaribiana, alidhani amekwisha kujua kila kitu.

Lakini nambari hizo hazisemi valvu zinafunguliwa kwa njia gani. Ukoo wa CG, uliotokana na Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa miaka ya sabini, una kamshafti (shafti inayofungua valvu) chini, karibu na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), na valvu husukumwa na vijiti virefu vinavyopanda ndani ya silinda. Injini hiyo ndiyo yenye kifuniko kimoja juu ya hedi. Ukoo wa CB una kamshafti ndani ya hedi yenyewe, inayozungushwa na cheni ndogo inayopita ubavuni mwa silinda, na mafundi hurekebisha valvu zake kupitia vile vifuniko viwili vya mviringo. Viwanda vya China vimeiga koo zote mbili, na zote mbili hupata chapa ya 162FMJ. Injini yako ya zamani ni CG na hii mpya ni CB. Mwili wake una umbo jingine, na ndiyo maana matundu yamepishana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni urudi Kibuye kabla injini haijachafuliwa zaidi, uombe kubadilishiwa upewe 162FMJ ya ukoo wa CG. Hiyo kwa kawaida hukaa kwenye matundu ya fremu ya 125. Hakikisha tu kwamba si toleo lenye shafti ya mizani (ya kupunguza mtetemo) ndani, kwa maana mwili wa toleo hilo unaweza kuwa mpana zaidi. Beba kipande cha kadibodi ulichokipigia alama za matundu yote ya fremu, mbele, chini na juu, ukilaze kwenye injini palepale sokoni. Kadibodi hiyo itakueleza ukweli kuliko muuzaji yeyote.

Iwapo hakubali kubadilisha, injini ya CB inaweza kukaa kwenye fremu yako bila kukata chochote, mradi fundi awe na subira. Kabla ya kuanza kazi, ikagueni. Injini iliyotoka kwenye ajali ya lori huenda ilipigwa upande wa magneto (sehemu inayozalisha umeme) au kwenye masikio ya kufungia bolti. Osheni masikio hayo kwa petroli, yakaushwe, kisha muyatazame kwenye jua mkitafuta mstari mwembamba mweusi, ambao ni ufa. Fungueni kifuniko cha upande wa kushoto mzungushe krenki polepole kwa spana huku mkitazama ukingo wa magneto: ukiyumba kwa namna inayoonekana kwa macho, krenki imepinda na injini hiyo haifai kufungwa popote. Mwageni oili kwenye chombo safi pia. Chembe za shaba au za chuma zinazong'aa ni dalili ya beringi iliyoanza kuliwa.

Ikiwa nzima, kosa ambalo mafundi wengi hulifanya ni kuanza na matundu ya bolti. Mahali pa kuanzia ni cheni. Wekeni injini ndani ya fremu juu ya vipande vya mbao, gurudumu la nyuma likiwa limefungwa sawasawa katikati, kisha mlaze rula ndefu ya chuma kwenye ubavu wa sproketi ya nyuma ifike mpaka sproketi ya mbele. Sproketi zote mbili lazima ziguse rula hiyo bila kuacha mwanya. Tofauti ya milimita mbili au tatu hudharauliwa, ilhali ndiyo inayokula meno upande mmoja na kuifanya cheni iruke ikiwa na mzigo. Sproketi ya mbele isogezwe pia karibu kadiri inavyowezekana na ekseli ya ule mkono wa nyuma unaobeba gurudumu, kama ilivyokuwa mwanzo. Sababu ni kwamba gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kwa kuzunguka ekseli hiyo. Sproketi ya mbele ikiwa mbali nayo, cheni itakaza sana pikipiki inapobonyea na kulegea inapoinuka, na beringi ya shafti ya gia haitadumu.

Baada ya mstari wa cheni kupatikana, tazameni nafasi: kiki izunguke mpaka chini bila kugonga kikanyagio, ekzosi itoke bila kugusa bomba la fremu, na gurudumu la mbele lisifikie injini wakati shoki za mbele zimebonyezwa hadi mwisho. Hapo ndipo mnaposhughulikia bolti. Kateni kigezo cha kadibodi kinachounganisha matundu ya fremu na masikio ya injini, kisha mkipeleke kwa fundi wa kuchonga vyuma atengeneze mabano mawili ya chuma cha unene wa milimita 6, matundu yakitobolewa kwa drili wala si kwa gesi, kwa sababu tundu la gesi haliwi duara na bolti hucheza ndani yake. Mwanya kati ya bano na injini uzibwe kwa bushi moja iliyochongwa kwa kipimo, badala ya wosha nyingi zilizopangwa, kwa kuwa wosha hulegea moja baada ya nyingine. Tumieni bolti zenye nambari 8.8 kichwani, ambayo ni alama ya uimara wa chuma chake. Ziingizeni zote kwa mkono kwanza, injini ijitulize yenyewe, ndipo mkaze. Ile bolti ya nyuma iliyoingia kwa kulazimishwa itolewe, maana bolti inayoingia kwa nyundo inalivuta sikio la alumini kila injini inapotetemeka, na sikio ndilo litakalovunjika.

Ikiwa ni lazima kuchomelea kipande kidogo popote kwenye pikipiki, toeni betri na CDI (kile kisanduku kinachotawala cheche ya plagi) kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Kuhusu kabureta, pikipiki nyingi za 125 za aina yako huja na PZ26 na zile za 150 huja na PZ27, ambapo 26 na 27 ni upana wa koo lake kwa milimita. Kabureta yako ya zamani itaiendesha injini mpya vizuri katika mwendo wa kawaida wa mjini. Itakosa nguvu kidogo tu mwendo ukiwa mkubwa, na kwa mtu anayebeba abiria kati ya Kondele na katikati ya mji hiyo si hasara. Jambo la kuchunga ni hewa isiingie mahali kabureta inapokutana na injini, kwa sababu umbo la bomba la kuingizia hewa la CB linaweza kutofautiana na la CG. Tumia bomba lililokuja na injini, na oringi mpya. Endesha kwa kilomita chache, zima injini, toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia hafifu inafaa. Nyeupe ina maana kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa, na injini itapata joto kali hadi pistoni kushika. Nyeusi yenye masizi ina maana ya petroli kuzidi. Ukimuuzia baadaye mtu wa Molo, mwambie airekebishe upya, kwa kuwa Kisumu iko kwenye takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari na Molo iko kwenye mita 2,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi na jeti (tundu la kabureta linalopitisha petroli) iliyofaa ziwani itamwaga petroli kupita kiasi.

Swali

Fundi, hujambo? Mimi ni mama mwenye pikipiki mbili ninazowakodisha vijana hapa Bondeni, Nakuru. Moja iliwekewa injini kutoka pikipiki ya toleo jingine, na injini yenyewe ni nzuri, haitoi moshi. Shida ni kwamba ufunguo hauizimi. Kijana huizima kwa kuweka gia na kuachilia klachi ghafla, au kwa kufunga petroli. Tena betri inachemka, na balbu ya mbele imeungua mara kadhaa. Fundi anasema mambo hayo mawili hayana uhusiano. Ni kweli?

Jibu

Sijambo, mama. Chanzo cha yote mawili ni kimoja, yaani waya za pikipiki yako na waya za injini ile zilitengenezwa kwa mifumo tofauti, lakini kila dalili ina dawa yake.

Nianze na ufunguo. Kuna CDI za aina mbili. Ya kwanza hupata umeme wa kutoa cheche kutoka kwenye koili maalumu ndani ya magneto, bila kuitegemea betri. Ya pili hupata umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri kupitia swichi ya ufunguo. Katika aina ya pili, ukizima ufunguo unakata umeme na injini inanyamaza. Katika aina ya kwanza, kukata umeme wa betri hakuisumbui injini hata kidogo. Huzimwa kwa kinyume chake, yaani kwa kuunganisha waya mweusi wenye mstari mweupe na ardhi ya pikipiki, yaani chuma cha fremu na injini. Inaelekea fremu yako ilikuwa na mfumo wa betri, nayo injini iliyoletwa ina koili ya magneto. Fundi aliichukua CDI iliyokuja na injini, akaunganisha waya mweusi wenye mstari mwekundu unaotoka kwenye magneto, akaunganisha ule wa buluu na mweupe wa kutoa ishara, cheche ikapatikana, akaridhika. Waya wa kuzimia ukabaki unaning'inia.

Mwambie aingize mkono chini ya tangi atafute waya huo mweusi wenye mstari mweupe kwenye soketi ya CDI. Injini ikiwa inanguruma, auguse kwenye chuma tupu cha fremu. Injini ikizimika papo hapo, tumepata jibu. Hatua inayofuata ni kununua swichi ya ufunguo yenye waya nne, nyekundu, nyeusi, nyeusi yenye mstari mweupe na kijani, kwa sababu swichi yenye waya mbili pekee haina uwezo wa kuiunganisha CDI hiyo na ardhi. Asithubutu kuupa waya huo wa kuzimia umeme wa volti 12, wala asiweke CDI ya betri mahali pa ile ya magneto bila kubadilisha waya, kwani itaungua. Na nakusihi, mama, pikipiki hiyo isitoke barabarani kabla ya kurekebishwa. Mwendeshaji akianguka na waya wa petroli ukakwama wazi, hana njia ya haraka ya kuinyamazisha injini.

Sasa betri na balbu. Umeme unaotoka kwenye magneto huongezeka kadiri injini inavyokwenda kasi, na kazi ya regyuleta ni kuuzuia usipite kiasi. Regyuleta hufanya hivyo kwa kuusukuma umeme wa ziada ardhini, hivyo isipokuwa na ardhi nzuri haizuii chochote. Hapa ndipo kupandisha injini kunapoleta hitilafu ambayo watu hawaitarajii: mabano mapya hupakwa rangi kabla ya kufungwa, injini ikakaa juu ya rangi, na ardhi ikakatika au ikategemea waya mmoja mwembamba wa kijani. Akwangue rangi mahali bano linapogusana na injini na fremu, aongeze waya mnene kutoka kwenye bolti ya injini hadi kwenye hasi ya betri, kisha apime. Injini ikiwa na mwendo wa kati, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15, regyuleta ibadilishwe kwa ile inayolingana na magneto iliyomo sasa, si ile iliyolingana na magneto ya zamani. Betri iliyochemka itazamwe maji yake, na ikiwa mabamba yalibaki makavu kwa muda mrefu, usitarajie ipone.

Swali

Naandika kutoka Mumias. Nilitoa injini ya 125 nikaweka ya 150 ya ukoo uleule ili nipate nguvu ya kupandia vilima vya Maragoli nikiwa na mizigo. Cha kushangaza ni kwamba sasa inachoka mapema kuliko ile ndogo. Mgandamizo ni mzuri na valvu zimepimwa. Nimeuziwa injini mbovu?

Jibu

Kabla ya kumlaumu muuzaji, hesabu meno ya sproketi ya mbele. Injini za mtumba huuzwa na sproketi yake ikiwa bado imefungwa, na pikipiki za 150 zilizokusudiwa barabara tambarare mara nyingi huwa na sproketi kubwa mbele. Tuseme yako ya zamani ilikuwa na meno 15 na ya nyuma ina 38: gurudumu lilikuwa linazunguka mara moja kwa kila mizunguko 2.53 ya shafti ya gia. Ukiweka ya meno 17 mbele, hesabu inashuka hadi 2.24, maana yake nguvu ya kusukuma inayofika kwenye gurudumu imepungua kwa karibu asilimia 12 katika kila gia. Ongezeko ulilolinunua kwa injini kubwa linaliwa papo hapo, na mlimani injini inalazimika kuvuta ikiwa na mzunguko wa chini ambako haina nguvu.

Dawa ni kurudisha meno 15, lakini pima shafti kwanza. Kuna injini zenye shafti ya milimita 17 na nyingine ya milimita 20, na sproketi zake haziingiliani. Usipopata ya meno 15 inayoingia, tafuta ya nyuma yenye meno 43, kwa kuwa 43 kwa 17 inakurudishia 2.53 ileile. Cheni itahitaji kurefushwa, nayo iwe 428 kama sproketi zako, si 420. Hizo mbili zina urefu sawa wa kiungo, milimita 12.7, na macho huzichanganya, lakini 420 ni nyembamba zaidi. Jaribu pia mpangilio wa gia mahali pasipo na magari kabla ya kumbebea mtu mzigo. Baadhi ya injini hizi zina gia nne na nyingine tano, na mahali pa gia huru hutofautiana.

Swali

Salamu kutoka Busia. Nina nafasi ya kupata injini safi kwa bei nafuu, lakini nambari yake haitakuwa sawa na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha usajili cha pikipiki yangu. Rafiki ananiambia nifute nambari ya injini mpya na kuchapa ile ya zamani, kwa kuwa pikipiki bado ni ile ile yangu. Muuzaji amesema hana karatasi zozote. Nifanye nini?

Jibu

Usifute nambari. Injini yenye alama ya msasa au tindo mahali pa nambari inaonekana mbele ya polisi kama mali ya wizi, hata ukiwa uliinunua kwa jasho lako, na hutakuwa na la kujitetea kwa sababu ushahidi pekee wa ilikotoka umeuondoa kwa mikono yako mwenyewe. Kubadilisha injini kunaruhusiwa. Kinachotakiwa ni taarifa za usajili zifuate injini iliyomo.

Mabadiliko hayo huombwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ambayo huduma zake sasa hupatikana kupitia eCitizen. Utatakiwa kuthibitisha injini imetoka wapi na pikipiki ikaguliwe. Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji nakala ya kitabu cha usajili cha pikipiki iliyotolewa injini, nakala ya kitambulisho chake, na mkataba wa mauziano uliotiwa sahihi na nyinyi wawili pamoja na shahidi, nambari ya injini ikiandikwa herufi kwa herufi kama ilivyochapwa. Piga picha ya nambari hiyo ikiwa bado haijasafishwa. Na kwa kuwa uko mpakani, muulize waziwazi kama injini ilivuka kutoka Uganda. Ikiwa ilivuka, inapaswa kuwa na hati za forodha, na zikikosekana, tatizo litakuwa lako siku itakapokamatwa.

Usisahau bima. Bima ya watu wengine ni ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na kampuni ya bima hukubali kubeba pikipiki kama ilivyoelezwa kwenye karatasi. Ikitokea ajali na ikagundulika kwamba injini ni nyingine na saizi yake ni nyingine, umewapa sababu ya kubishana nawe wakati ambapo aliyeumia anasubiri kulipiwa hospitali. Karatasi za NTSA zikikamilika, mpelekee wakala wako nakala siku hiyohiyo.

Muuzaji huyo asiye na karatasi, muombe kwanza nambari ya injini kwa ujumbe wa simu, uipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe uulize kama imeripotiwa kuibwa. Akikataa kukutumia nambari, tafuta injini kwingine. Ikiwa utaipata Kisumu au Bungoma kwa mtu anayeweza kukuonyesha kitabu cha usajili, ilipie hata kama ni ghali kidogo, na uondoke na karatasi mkononi siku unayoondoka na injini.